Kocha wangu wa afya ananiuliza tu maswali, nami nataka kuambiwa la kufanya

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni muuguzi, mama wa watoto wawili, na sehemu kubwa ya mwaka nafanya zamu ya usiku. Presha ninayo na natumia vidonge kila siku. Mwaka jana nilipima sukari, daktari akaniambia bado si kisukari lakini imepanda kuliko inavyotakiwa, na kwamba nisipopunguza uzito na kubadilisha ninavyoishi, siku moja tutakaa kuzungumza mengine. Nilimwelewa vizuri sana. Maneno hayohayo ndiyo ninayowaambia wagonjwa wangu.

Kazini kwetu kuna mpango wa afya kwa wafanyakazi. Mwajiri analipa, wewe unapewa kocha wa afya mnayezungumza kwa simu ya video kila baada ya wiki mbili. Vikao vina idadi yake, vikiisha ndiyo basi. Nilijiandikisha kwa hamu. Nilitegemea nipewe ratiba: kula hiki saa hii, lala saa hii, tembea kiasi hiki. Badala yake nimekutana na maswali. "Ungependa maisha yako yaweje mwaka kesho?" "Ni lini uliwahi kufanikiwa kubadilisha jambo gumu?" "Kati ya haya yote, ungependa leo tuzungumzie lipi?" Mshauri, mimi hapo nimetoka kuhangaika na wagonjwa usiku kucha, macho yananiwasha, halafu mtu ananiuliza ningependa tuzungumzie nini!

Siku moja aliniuliza, kwenye kipimo cha 0 hadi 10, nina uhakika kiasi gani kwamba naweza kubadilika. Nikamjibu 4. Nikadhani atanitia moyo. Akauliza, "Kwa nini 4 na si 1?" Nilikasirika kidogo. Kisha nikajikuta nasema habari za marehemu mama yangu, jinsi kiharusi kilivyomlaza na mimi nikawa namlisha kwa kijiko, na kwamba sitaki binti yangu aje anilishe hivyo. Kocha akanyamaza. Nami nikanyamaza. Baadaye tukakubaliana nitembee dakika kumi baada ya zamu kabla ya kupanda gari la kurudi nyumbani. Nilifanya, na nilifurahia. Kisha wenzangu wawili wakaenda likizo kwa mpigo, wodi ikabaki na watu pungufu, nikawa natoka pale nimechoka hata viatu sivioni. Matembezi yakafa. Kikao kilichofuata nilimweleza, nikisubiri karipio. Akasema, "Umejifunza nini katika wiki hizi mbili?" Ukweli ni kwamba nilitaka anifokee.

Sasa mume wa dada yangu anaendesha programu yake ya afya kwenye kundi la WhatsApp. Huko hakuna maswali. Alfajiri unapata maagizo ya siku. Unapima uzito unatuma picha ya mizani, ukizidi unasemwa mbele ya wenzako, na kuna pakiti za unga wa kuchanganya na maji ambazo lazima ununue kwake. Dada yangu amepungua, ngozi inang'aa, anatembea kama msichana. Shemeji ameniambia, "Kocha asiyekupa majibu ni kwa sababu hana majibu." Ameniahidi pia kwamba nikifuata mpango wake kwa miezi mitatu nitaviaga vidonge vya presha.

Mume wangu anasema niende kwa shemeji, kwanza ni ndugu, pili matokeo yanaonekana kwa macho. Shemeji amenishikia nafasi katika kundi linaloanza mwezi ujao na anataka jibu. Nikikataa, najua dada ataumia. Nikikubali, najihisi kama namwacha kocha ambaye hajanikosea kitu. Na kuna jambo lingine linanikera chinichini: kocha analipwa na mwajiri wangu, na mimi nimeshamwambia mambo ya mama, ya usingizi, ya hasira zangu kwa msimamizi wa wodi. Sijui yanaishia wapi.

Je, kuna ubaya gani mtu mzima kutaka kuambiwa la kufanya? Nisaidie.

Muuguzi wa Usiku

*

Marahaba, mwanangu, na pole na kazi. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na kila nikiisoma naona ina mambo matatu yaliyofungwa pamoja. La kwanza ni wewe na kocha asiyekupa ratiba. La pili ni wewe na familia, maana shemeji si mtoa huduma wa kawaida ambaye ukimkataa yameisha. La tatu umelitaja mwishoni kama kitu kidogo, la siri zako na mwajiri, nami silioni dogo hata kidogo.

Nianze na swali lako la mwisho. Hakuna ubaya. Mtu anayekesha akiamua nani apewe dawa ipi, nani aitiwe daktari, nani ageuzwe upande gani, akifika asubuhi amechoka kuamua. Ukitamani mtu mwingine ashike usukani kwa saa chache, hiyo ni dalili ya uchovu wako, na uchovu ni jambo la kweli. Ila ningependa tulitazame hilo tamanio kwa karibu. Wewe ni muuguzi. Ratiba unayoitaka, ya kula, kulala na kutembea, ungeweza kuniandikia mimi sasa hivi, tena nzuri. Umesema mwenyewe kwamba maneno ya daktari ndiyo unayowaambia wagonjwa. Kwa hiyo najiuliza kama kweli unachokosa ni majibu. Au unakosa mtu wa kukubebea mzigo wa kuchagua, na wa kukukasirikia usipotimiza, ili usibaki peke yako na hasira yako mwenyewe? Sijui. Nakuuliza tu, na nimeshaanza kufanana na kocha wako, unisamehe.

Maswali yale yana asili yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mwanasaikolojia Mmarekani William Miller, aliyekuwa akiwahudumia watu wenye matatizo ya pombe, alikuwa Norwei kwa muda, na wanasaikolojia vijana wa huko wakawa wanamtaka aeleze kila anachofanya na kwa nini. Mwaka 1983 akachapisha makala kuhusu namna yake ya kuzungumza na wagonjwa, na baadaye yeye na Stephen Rollnick wakaiendeleza kuwa njia kamili inayotumiwa leo na makocha wengi wa afya. Kiini chake ni jambo ambalo kila muuguzi amewahi kuliona: mtu aliye njia panda, ukimsukuma upande mmoja, yeye hutetea upande wa pili. Unamwambia mgonjwa aache sigara, anakueleza babu yake aliyevuta hadi uzeeni. Kila anapojitetea anajisikia mwenyewe akijitetea, na anazidi kuamini. Ndiyo maana kocha aliyefundwa hujizuia kurekebisha haraka, akatafuta njia ya kukufanya wewe useme sababu zako kwa kinywa chako.

Chukua lile swali lililokukasirisha. Angeuliza "Kwa nini 4 na si 10?" ungemworodheshea vikwazo vyote, na mngeagana ukiwa mzito kuliko ulivyokuja. Alipouliza kwa nini si 1, ilibidi utafute kilichokufikisha kwenye 4. Na umekipata. Hakuna daktari, kocha wala shemeji angeweza kukutungia ile sentensi ya binti yako na kijiko. Labda ulipokasirika ni kwa sababu swali liligusa mahali ambapo ulikuwa hujamruhusu mtu kugusa. Labda pia ulikuwa umechoka tu. Yote mawili yanawezekana kwa pamoja.

Hayo nimeyasema kwa upande wa kocha. Sasa niseme na ya upande wako, kwa sababu sidhani kwamba yeye hana la kujibu. Watu wengi, hata baadhi ya makocha, wamelielewa vibaya suala la kutotoa majibu. Kocha wa afya hatambui ugonjwa, haandiki dawa, hakuamulii. Lakini hakatazwi kutoa taarifa. Utaratibu ni kwamba anakuuliza kwanza unajua nini na kama ungependa kusikia zaidi, anakupa kwa ufupi, kisha anakuuliza unaona inakufaa vipi. Mteja akisema waziwazi "nipe mawazo mawili matatu ya kupangilia usingizi baada ya zamu," anastahili kupewa mawazo mawili matatu. Anayeendelea kurudisha swali kwa swali hapo anajificha. Je, uliwahi kumwomba hivyo kwa maneno? Barua yako haisemi. Inasema ulitegemea, ulisubiri, ulitaka. Nimeyaona maneno hayo matatu yakijirudia.

Kuna utafiti mmoja ambao naupenda kwa sababu unatuharibia ugomvi huu wa maswali dhidi ya maagizo. Ulifanyika Marekani na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2002. Waliwachukua watu zaidi ya 3,000 ambao, kama wewe, sukari ilikuwa juu lakini haijafika kisukari. Kundi moja lilipewa dawa ya metformin, jingine vidonge visivyo na dawa, la tatu likasaidiwa kubadilisha mtindo wa maisha. Baada ya wastani wa karibu miaka mitatu, kundi la mtindo wa maisha lilipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58 likilinganishwa na lile lisilopewa dawa halisi. La metformin lilipunguza kwa asilimia 31. Walifanyaje? Malengo walipewa, tena kwa namba: punguza angalau asilimia 7 ya uzito, fanya mazoezi ya wastani angalau dakika 150 kwa wiki. Walikuwa na masomo 16 yaliyopangwa tangu mwanzo. Lakini kila mmoja alikuwa na mtu wake, wakikutana ana kwa ana, wakitafuta pamoja namna ya kuyafikia malengo hayo katika maisha yake yeye. Kwa hiyo muundo ulikuwepo na kusikilizwa kulikuwepo. Ukimwambia kocha wako unataka muundo zaidi, huombi kitu kigeni.

Hata nadharia ya wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan, ambayo makocha huitegemea sana, haisemi kwamba mtu lazima ajipangie kila kitu. Inasema hamu ya kudumu hulishwa na mambo matatu: kujiona unajiamulia, kujiona unaweza, na kuwa na watu mnaojaliana. Mtu anaweza kuamua kwa hiari yake kabisa kufuata ratiba ya mwingine. Kinachoangaliwa ni kama mlango wa kusema "hapa hapanifai" uko wazi. Na hilo la tatu, la watu, nadhani ndilo kundi la shemeji linalompa dada yako na wewe hulipati kwa kocha. Yule wa video unamwona mara moja kwa wiki mbili, na wewe hufanya kazi wenzio wamelala na hulala wenzio wameamka. Usilidharau hilo unapopima.

Turudi kwenye yale matembezi, maana naona umeyazika mapema mno. Umeandika "yakafa." Mimi nasoma kwamba yaliendelea hadi wodi ilipopungukiwa watu. Mpango ulikuwa umetengenezwa kwa wiki ya kawaida, ikaja wiki isiyo ya kawaida. James Prochaska na Carlo DiClemente, waliowafuatilia watu walioacha sigara, waliona kwamba kurudi nyuma ni sehemu ya safari kwa watu wengi, na wengi huzunguka hatua zilezile zaidi ya mara moja kabla hawajatulia. Swali la "umejifunza nini" lilikuwa swali la maana, ingawa nakubali kwamba kwa mtu aliyechoka linaweza kusikika baridi. Jibu lake huenda lilikuwa rahisi: kwamba unahitaji mipango miwili, wa wodi iliyojaa watu na wa wodi iliyopungukiwa. Kuna utafiti mwingi, hasa wa mwanasaikolojia Peter Gollwitzer, unaoonyesha kwamba nia ikifungwa kwenye tukio maalumu hutekelezeka zaidi kuliko nia tupu. "Nikishakabidhi zamu na kuvua sare, nitazunguka jengo mara moja, na kama tulikuwa pungufu, nitapanda gari moja kwa moja na kutembea jioni kabla ya kuja kazini." Huo ni mfano tu. Wako utakuwa bora kwa sababu unaijua wodi yako.

Hapa niseme jambo ambalo makocha hawalisemi vya kutosha. Usiku wa manane mwili hushughulikia sukari vibaya kuliko mchana, na kufanya kazi za zamu kwa miaka kunahusishwa na kisukari cha aina ya pili. Unalijua hili kuliko mimi. Kwa hiyo sehemu ya tatizo lako imo kwenye orodha ya zamu, wala si kwenye utashi wako. Hakuna kocha, wa maswali au wa maagizo, atakayejaza wodi wauguzi. Ungeangalia kama kuna nafasi ya kuzungumza na msimamizi, ukiwa na barua ya daktari mkononi, kuhusu kupunguziwa mfululizo wa usiku. Najua umesema una hasira naye. Huenda hilo ndilo jambo la kufanyia mazoezi na kocha kuliko hata matembezi.

Sasa shemeji. Sitamsema vibaya, amemsaidia dada yako, na inaonekana anakupenda kama ndugu. Ila kuna vitu ningependa uvijue kabla hujampa jibu. Katika nchi nyingi jina "kocha wa afya" halilindwi na sheria, yeyote anaweza kujiita. Kwa mfano Marekani, mtihani wa kitaifa wa taaluma hiyo ulianza mwaka 2017 tu, na hata huko anayetaka kufundisha watu bila kuufanya hazuiwi. Kwa hiyo swali la "ulisomea wapi, na nini hukiruhusiwi kufanya?" muulize shemeji, na muulize kocha wako vilevile. Shemeji muulize pia ndani ya zile pakiti kuna nini hasa, maana wewe unatumia dawa, na mfamasia wako anahitaji kuona orodha ya viungo kabla hujaonja. Muulize inakuwaje kwa mtu aliyefuata kila kitu na mizani isishuke. Na baada ya miezi mitatu, maagizo ya alfajiri yakikoma, watu hufanya nini? Watafiti wa London waliofuatilia watu wakijenga mazoea mapya walikadiria kwamba huchukua kuanzia siku 18 hadi 254 kabla jambo halijawa la kujiendea lenyewe, katikati ikiwa siku 66. Huenda miezi mitatu ikakutosha, huenda isitoshe, inategemea tabia yenyewe na mtu mwenyewe.

Na yale ya kusemwa mbele ya kundi. Wapo wanaoamshwa na aibu. Wapo ambao aibu huwafanya wasipande kwenye mizani kabisa, au watume picha ya jana. Wewe unajijua. Umeandika kwamba ulitaka kufokewa. Ulipokuwa mwanafunzi wa uuguzi, aliyekufokea alikufanya ujifunze au ujifiche?

Kuhusu vidonge sina haja ya kuzunguka, na najua unajua. Presha haina maumivu ya kukuonya, kwa hiyo kujisikia vizuri si kipimo. Ni kweli kwamba watu wengine wakipungua uzito na kubadilisha maisha, daktari huwapunguzia dozi, hata wengine huacha. Tumaini la shemeji halijatoka hewani. Lakini uamuzi huo hufanywa na daktari akiwa na vipimo mbele yake, na tarehe yake haiwezi kutajwa leo. Usiache kidonge hata kimoja kwa ahadi ya mtu. Ukiingia kwenye kundi lake, hilo mkubaliane mapema, mbele ya dada yako, na uone atakavyolipokea. Atakavyolipokea kutakuambia mengi.

Njia zako ninavyoziona. Unaweza kubaki na kocha na kumwambia wazi kinachokukera. Mwanzoni mwa kazi yenu mlipaswa kukubaliana nani atafanya nini, na makubaliano hayo yanafunguliwa wakati wowote. Mwambie: nataka tumalize kila kikao na mpango ulioandikwa, nataka unitumie ujumbe katikati ya wiki, nataka uniulize moja kwa moja kama nimefanya au sijafanya. Hatari yake ni kwamba huenda asiweze, au vikao vikaisha mkiwa bado mnarekebisha. Basi unaweza kuomba kocha mwingine, na hilo si usaliti. Kocha mzuri hulitegemea na hata hukusaidia kulifanya.

Unaweza kwenda kwa shemeji kwa masharti yako. Utapata watu, utapata muundo. Hatari nyingine tumeshaitaja. Iliyobaki ni ya kindugu. Ukitaka kutoka katikati, hutoki kwenye programu tu, unatoka mbele ya dada. Pengine ni rahisi zaidi kumkatalia sasa kwa upole kuliko kumkatalia ukiwa ndani. Pengine si kweli kwenu, familia hazifanani.

Kufanya yote mawili inawezekana pia. Nimewahi kuona watu wakichukua muundo kwenye kundi na kumtumia kocha kama mahali pa kutafakari yaliyowapata. Ila kwa ratiba yako naogopa utakuwa na mabwana wawili na usingizi pungufu. Na usipofanya lolote kwa sasa, ukangoja wodi itulie, nitaelewa, mradi uwe na tarehe ya kupima tena sukari mliyokubaliana na daktari. Kungoja bila tarehe ndiko kunakonitia wasiwasi.

Kuhusu mumeo, mmezungumza juu ya shemeji na matokeo, lakini sijasikia mkizungumza juu ya woga. Alimwona mama mkwe wake akilishwa kwa kijiko. Inawezekana "nenda kwa shemeji" ni namna yake ya kusema anaogopa na anataka kitu kifanyike haraka. Muulize, usimkadirie kama ninavyomkadiria mimi.

Na lile la siri. Una haki ya kujua kocha anapeleka nini kwa mwajiri: jina lako na mahudhurio tu, takwimu za wafanyakazi wote kwa jumla, au zaidi. Muulize anaandika nini, nani anasoma, na zinatunzwa wapi, kisha umwombe akutumie kwa maandishi. Swali hilo halimtukani kocha yeyote anayejua kazi yake. Hadi utakapopata jibu, huna sababu ya kuongeza habari za msimamizi wako kwenye vikao hivyo. Naomba hilo ulitangulize kuliko yote niliyoyaandika, maana bila hilo hutaweza kumwambia ukweli mwingine wowote.

Hesabu siku zako. Kama kikao kijacho kiko kabla ya kundi la shemeji kuanza, mwambie shemeji utamjibu baada ya siku hiyo, na kwamba unahitaji orodha ya viungo vya pakiti ili mfamasia aione. Dada yako mpigie wewe mwenyewe kabla hajasikia kwa mumewe.